Kaburi la Keza

Ruhuma haiko njiani kuelekea popote. Ukitoka Mbuba unatembea mpaka miguu ianze kukulaumu, unavuka bonde la matete, unaanza kupanda, na kila ukidhani umefika unakuta bado. Watu wa huko juu hujisifu kwamba walikuwapo kabla ya Mjerumani, na kwamba Mjerumani mwenyewe alianza safari ya kuja kuwatazama akachokea njiani, akarudi. Sijui ukweli wake. Ninachojua ni kwamba asubuhi ukungu hukuficha hata mlango wa jirani, kwamba kila ukoo una migomba yake na wafu wake chini ya migomba hiyo, na kwamba mimi niliolewa huko nikiwa msichana na hadi leo wananiita mtu wa bondeni.

Naitwa Eustakia. Mume wangu ni Protasi, mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa kwa shida kama anayechomoa mwiba. Wazazi wake walimwachia shamba, mbuzi na dada mmoja, Keza. Keza alikuwa mwanamke wa mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi. Aliolewa ng'ambo ya mto Ruvubu, Burundi, na fundi wa matofali aitwaye Ndayisenga, wakapata mtoto wa kiume, Ndizeye. Lugha ya kule na yetu zinasikilizana na mto una vivuko, kwa hiyo hatukuona kwamba ameolewa mbali. Kila baada ya mavuno alikuja kututembelea, kikapu kichwani na mtoto mgongoni. Mimi sikujaliwa mtoto. Huyo Ndizeye nilikuwa nampokonya pale pale langoni, na sikumrudisha kwa mama yake mpaka siku ya kuondoka.

Oktoba ya mwaka 1993 tuliona moshi ng'ambo. Tulisema wanachoma mashamba, ingawa hayakuwa majira ya kuchoma mashamba. Siku zilizofuata watu wakaanza kupita bondeni, wengi, wamebeba magodoro, wazee na kuku. Wachache walipanda hadi kwetu. Mwanzoni tuliwauliza yaliyowapata nao wakatusimulia, na tulishika vichwa na kusema Mungu wangu. Baadaye tuliacha kuuliza. Mtu alikuwa anasimulia mambo ambayo zamani yangekufanya usile, na wewe unamwongezea uji huku unachambua maharage. Hatukuwa wabaya. Mioyo ilikuwa imekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Protasi alishuka mara kadhaa hadi kwenye kambi ya Lukole kumtafuta dada yake. Safari ya mwisho alikutana na mtu aliyetoka kijiji cha kina Ndayisenga. Yule mtu alimwambia kwamba nyumba yao iliteketezwa na watu wakiwa ndani. Protasi alirudi akaniambia hivyo hivyo, kwa sentensi moja, kisha akaenda kukama mbuzi. Nilikaa jikoni nikingoja kulia. Niliogopa sana kwamba sitalia, na kweli sikulia.

Halafu ikaja Aprili na Wanyarwanda nao wakavuka, na kambi yao ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko wowote niliowahi kuusikia. Jioni mioto yake ilionekana hadi kwetu. Watu wa Ruhuma waliitazama mara moja, wakarudi kwenye pombe yao.

Kiangazi kilipoingia, Mzee Celestini alikuja nyumbani. Huyu Jumapili hufundisha katekisimu na siku nyingine zote hufundisha mila, na sijapata kumwona akichanganya darasa. Alisema haifai Keza aendelee kukaa hewani, azikwe. Kwa desturi ya Ruhuma, mtu akifia mbali, mwili wake usipatikane, huzikwa shina la mgomba kwa niaba yake. Linakatwa, linaviringishwa kwenye mkeka wake, linalazwa katikati ya migomba ya ukoo. Jina lake linatajwa kwa sauti kwenye mdomo wa kaburi, na wanawake wanalipokea wanaliombolezea. Mwenzake aliye hai mwenye jina hilo haitwi tena kwa jina hilo mpaka msiba uondolewe. Kulikuwa na binti wa jirani aitwaye Keza pia. Kiangazi chote tulimwita "wewe".

Sasa, shina hilo lazima liwe la mgomba uliokwisha kuzaa, na likatwe juu ya ardhi. Hata mtoto wa Ruhuma anajua. Protasi naye alijua. Lakini siku ya maziko alikwenda peke yake na sururu, akaung'oa mgomba mchanga mnene, akauleta na mizizi yake ameificha ndani ya mkeka. Waliobeba walilalamika. Mimi niliuona udongo ukichuruzika, nikamwuliza pembeni ni nini kile.

"Dada yangu hakuwa mwepesi," alisema. "Sitaki wambebe kama mtu aliyebeba majani."

Mume wangu hajawahi kusema maneno mazuri kuliko hayo, na nilishindwa kumharibia.

Mvua za kwanza ziliponyesha, kaburi la Keza likachipua. Chipukizi moja tu, nene, lililojikunja kama sikio la mbwa. Kijiji kizima kilikuja kulitazama. Mzee Celestini aliinama, akalinusa, akamgeukia Protasi.

"Ulizika na mizizi?"

"Ego," alisema Protasi. Ndiyo.

"Umemzika mtu na mlango wazi," alisema mzee. Akaondoka akitikisa kichwa.

Walikuwa bado wanabishana kama ling'olewe au liachwe, ndipo Keza akaja.

Alitokea kwenye ukungu asubuhi, amebeba kipande cha turubai la buluu la kambini na kopo la mafuta ya msaada lililojaa unga wa njano. Nilikuwa nafagia uwanja. Nilimtambua kwa mwendo, maana mwili haukuwepo tena. Nguo ilikuwa inatembea na mifupa. Hakuwa na mtoto mgongoni wala mkononi, na nilitazama nyuma yake njiani, mpaka chini kabisa, nikaona hakuna mtu anayekuja. Alisimama langoni, hakuingia.

"Wifi," alisema, "nimesikia nina kaburi."

Ufagio uliniponyoka. Nilitamani nimkimbilie, na kwetu bondeni tungekimbiliana tukaangushana chini. Lakini yeye ni wa Ruhuma na alijua sheria kuliko mimi. Mtu aliyezikwa akirudi, haingii uani mpaka kwa mkono wake mwenyewe ang'oe kilichozikwa kwa jina lake, akitupe bondeni, na shimo lifukiwe lisawazishwe siku hiyo hiyo. Kabla ya hapo, hakuna jembe linalopigwa Ruhuma nzima. Mbegu itakayopandwa huku kaburi lina mwenyewe aliye hai, wanasema, itamwotea yeye huko chini na kijiji kitakosa. Ninaona ni upuuzi. Lakini mvua zilikuwa zimeshaanza, mbegu za maharage zilikuwa kwenye vikapu, na nyumba za kilima kizima zilikuwa zinangoja mtu mmoja aliyekaa kwenye banda letu la mbuzi nje ya lango.

Ingechukua muda wa kuchemsha viazi. Ang'oe, atupe, aingie ndani, tuanze kulima. Protasi alimletea jembe siku ile ile, akalisimamisha kwenye nguzo ya banda. Alimwita dada yake kwa jina la utotoni ambalo sijawahi kulisikia, na sitaliandika hapa.

"Kesho, kaka," alisema Keza.

Kesho yake alisema kesho.

Nilimpelekea chakula. Sheria inakataza asile kutoka chungu cha nyumba, lakini mimi ni mtu wa bondeni, wanasema wenyewe, kwa hiyo nilitumia faida ya kutukanwa kwangu. Nilikaa naye juu ya majani ya mbuzi. Alikula polepole, bila kuangalia anachokula. Alikuwa ananiuliza maswali ambayo mtu hapaswi kuuliza kuhusu kaburi lake.

"Ni refu?"

"La kutosha."

"Udongo wa pale ni mwekundu au mweusi?"

"Mweusi. Ni migombani, wifi, unapajua."

"Mlinililia?"

"Wenzangu walilia. Mimi nilishindwa."

"Vizuri," alisema, na nikaona kwamba hakuwa anaudhika. Ilikuwa kama tumekubaliana juu ya jambo.

Hakumtaja Ndizeye. Mimi nilikuwa na jina hilo mdomoni tangu alipotokea kwenye ukungu, na kila nikifungua mdomo nilisema kitu kingine. Niliongea habari za mbuzi. Niliongea habari za chumvi kupanda bei kwa sababu ya kambi. Siku moja hasira ikanishinda, nikamwuliza alikuwa wapi mwaka mzima.

"Lukole."

"Lukole hapo? Protasi amefika Lukole mara ngapi? Mtu anakufuata mpaka viatu vinaisha, na wewe uko hapo unapanga foleni ya unga?"

"Nilimwona siku moja," alisema Keza. "Alikuwa anauliza watu. Niliingia ndani ya hema nikalala."

"Kwa nini?"

Alifikiri. Nilimwona kabisa akitafuta, kama mtu anayepapasa kitu gizani.

"Angeniuliza," alisema. "Sikuwa na la kumjibu. Baadaye mwanamke mmoja wa Mbuba anayeuza ndizi kambini akasema huko Ruhuma wamemzika Keza wa Ndayisenga, kaburi zuri, watu wengi. Ndipo nikaja."

Sikuelewa. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka, nikachukua sahani nikaondoka.

Watu wa Ruhuma hawana haraka, lakini wana njaa kama wengine. Mvua ilikuwa nzuri na ilikuwa inapita bure. Wakaanza kusimama njiani mbele ya banda letu, bila kusema, na mikono nyuma. Mwanamke mmoja alimwaga mbegu zake miguuni pa Protasi, akamwambia azile yeye. Kuna waliosema yule si Keza, ni kivuli, ndiyo maana anaogopa kaburi. Wengine wakasema kama hataki kuwa hai arudi kambini, na kilima kitaomba radhi kwa njia nyingine. Mzee Celestini akatangaza kwamba Jumamosi lazima jambo liishe: ama ang'oe, ama aondoke na asirudi tena. Protasi alisikia hilo akakaa chini pale pale uwanjani. Alikuwa ameshampoteza mara moja, na sasa angempoteza akiwa anamwona.

Jumamosi wakajaa migombani. Keza alipitishwa nyuma ya ua, asikanyage uwanja. Alilibeba jembe mwenyewe. Alipolifikia kaburi alisimama akaliangalia chipukizi, ambalo sasa lilikuwa limefika magotini na limefungua jani la kwanza.

"Ng'oa, binti," alisema Mzee Celestini, na sauti yake haikuwa mbaya. "Ng'oa uje nyumbani."

"Nikiling'oa, shimo mtalifanya nini, mzee?"

"Tutalifukia. Kaburi lisilo na mtu halikai wazi."

"Ndiyo maana siling'oi," alisema Keza. "Nina wa kuwaweka."

Hata wale waliokuja kwa hasira walitazama udongo.

"Nyumba iliwaka wakati mimi niko mtoni na madumu," alisema. Aliongea kama mtu anayeelekeza njia. "Ndayisenga na Ndizeye walikuwa ndani. Nilikuwa na mimba. Nilijifungua huku nakimbia, kwenye matete, upande huu wa Ruvubu. Wa kike. Alikaa kidogo, halafu hakukaa. Niliyafunua matete nikamwacha, kwa sababu watu walikuwa wanakuja nyuma. Hakuna hata mmoja wao mwenye mahali. Kambini wakaniambia mimi nina mahali, nikaja kupaangalia."

Mzee Celestini alifuta uso kwa kiganja. Nilijua atakachosema, na nilimchukia kabla hajasema.

"Mume na watoto ni wa kilima chao," alisema. "Hatuwezi kuwazika watu wa ng'ambo kwenye migomba ya hapa. Wazee wao wangetuuliza."

"Wazee wao nao waliungua," alisema Keza. "Mzee, mimi sikuomba shimo. Mlinichimbia ninyi, mkaliita jina langu, mkalililia. Sasa ni langu. Mwenye nyumba hakaribishi wageni?"

Katika miaka yangu yote Ruhuma, hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona Mzee Celestini akikosa mila ya kujibia. Protasi ndiye aliyesogea. Alichukua panga kwenye mkono wa jirani, akasema, "Unataka mashina mangapi?"

"Matatu," alisema Keza. Kisha akamshika mkono kabla hajaondoka. "Yaliyokwisha kuzaa, kaka. Safari hii usiyachukue na mizizi."

Protasi akakata. Alipokuwa anakata, Keza aliinama, akalishika lile chipukizi lake kwa mikono yote miwili, akaling'oa na shina lake lililooza nusu, akalibeba mpaka kwenye ukingo, akalitupa bondeni. Tulilisikia likianguka kwenye matete. Akarudi, akaingia shimoni, akaanza kuchimba upana. Baadaye wanaume walimpokea jembe.

Mikeka yao haikuwepo. Nilikimbia nyumbani nikaleta wa kwangu wa kulalia, nikaukata vipande. Ndayisenga alikuwa shina refu. Ndizeye nilimfunga mimi mwenyewe, na nilimfunga vibaya, kamba zikalegea, nikarudia. Hapo mikono yangu ilikuwa inafanya kazi na mimi nilikuwa mahali pengine. La tatu lilikuwa dogo, urefu wa mkono hadi kiwiko.

Mzee Celestini alisimama kwenye mdomo wa kaburi. "Ndayisenga," aliita, na wanawake wakalipokea. "Ndizeye," aliita, na wanawake wakalipokea. Kisha akamgeukia Keza.

"Huyu wa tatu anaitwa nani?"

Keza alitazama lile shina dogo mikononi mwake.

"Hakuwahi," alisema.

Mzee alisitasita. Asiye na jina haitwi, na asiyeitwa halazwi na wenzake. Huwekwa nyuma ya nyumba, bila watu, na hakuna anayemlilia. Hilo nalo nilikuwa nalijua. Nilijua kwa sababu yuko mmoja nyuma ya nyumba yangu, wa mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, na niliposema kwamba sikujaliwa mtoto nilisema wanavyosema watu.

Keza hakulalamika. Aligeuka kunitafuta kwa macho. "Wifi," alisema, "nipe jina. Mimi sina hata moja. Nimetafuta."

Wanawake wa Ruhuma wote waligeuka. Nilitaka kutafuta jina zuri, la mtakatifu, la bibi yake, na kichwa changu kilikuwa kitupu kama dumu. Lilikuwamo moja tu.

"Eustakia," nilisema.

"Unajua unachotoa?" aliniuliza mzee. Jina likiingia shimoni, aliye hai hulikosa.

"Najua, mzee. Liite."

Akaliita. Likaenda juu ya migomba, na wanawake wakalipokea, wale wale wanaoniita mtu wa bondeni, wakaliombolezea jina langu kwa sauti zao zote. Eustakia, mtoto mzuri, umetuachia nani. Eustakia, umeenda bila kula maharage mapya. Nilisimama nikasikia ninavyoliliwa. Nilingoja nione kama nitahofu, na sikuhofu. Sikuhisi kitu. Keza alisimama pembeni yangu, begani kwangu, mikono yake imejaa udongo mweusi. Wakafukia.

Aliingia ndani kwa mlango wa mbele jioni ile. Aliuliza chumvi iko wapi siku hizi, nikamwonyesha. Jumatatu majembe yakapigwa Ruhuma nzima, tukiwa tumechelewa, na mbegu zikaota kama kawaida.

Majira yale yote sikuwa na jina. Waliniita "wewe", kama binti wa jirani kabla yangu. Protasi, ambaye hata zamani hakuwa mwepesi wa kuniita, alikuwa anakohoa tu nami nageuka. Tulipalilia. Keza alilima upande wake, kimya, akaanza kurudisha mwili kidogo kidogo. Sikumsikia akicheka. Moshi wa kambi ulikuwa bado unaonekana jioni, na watu bado walikuwa wanapita bondeni.

Msiba uliondolewa tulipomaliza kuvuna maharage. Pombe ikanywewa, mzee akasema maneno yake, watu wakatawanyika. Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia uwanja kwenye ukungu, na nikasikia sauti ya Keza kutoka migombani, upande wa kaburi.

"Eustakia."

Alisema taratibu, kama mtu anayemwamsha aliyelala. Sikuwa namwona. Sikujua kama ananiita mimi au anamwita mwanawe. Niliweka ufagio chini, na machozi ambayo nilikuwa nimeyangoja tangu mwaka wa moshi yakaanza kutoka.

Niliitika.